Mlango Ulijulikana, Mwenyewe Bado

Katikati ya karne ya 18, nje ya mji wa Montpellier kusini mwa Ufaransa, msomi mmoja aliyeitwa Pierre Augustin Boissier de Sauvages alikuta kifuniko cha mviringo kwenye ukingo wa udongo. Kilikuwa kidogo kama sarafu, na rangi yake ilikuwa ileile ya udongo uliokizunguka. Akakichokonoa kwa pini ili akiinue, kifuniko kikakataa. Kulikuwa na kitu ndani kinakivuta. Alipochungulia kwenye upenyo akamwona mwenyewe: buibui aliyejigeuza chali, miguu mingine ameikaza kwenye kuta za shimo, mingine ameshikilia kifuniko kwa ndani. Kila pini ilipoinua, buibui alishusha.

Sauvages aliandika aliyoyaona, akamwita buibui huyo mwashi. Jina la kisayansi lilichelewa. Mwishoni mwa karne hiyo ndipo Pierre André Latreille alipompa la *caementaria*, lenye asili katika neno la Kilatini la mawe ya kujengea. Kwa miongo kadhaa nyumba ilikuwa imeshaelezwa hadi bawaba zake, ilhali mwenye nyumba hajapewa nafasi rasmi popote. Tangu hapo, wengi waliojaribu kumtambulisha kwa sayansi buibui mpya wa kifuniko wamepita njia hiyohiyo. Mlango utauona ukijaliwa. Kumjua anayekaa ndani kunaweza kuchukua nusu ya maisha yako ya kazi.

Ukimtaja buibui kwa msemaji wa Kiswahili, kwanza atawaza utando: ule wa kwenye pembe ya dari, au, kwa aliyepitia chuoni, ule wa kisa cha Mtume katika pango la Thaur. Buibui wa kifuniko hatandi hewani. Huchimba shimo, na spishi nyingi zina miba migumu kwenye taya, imepangana kama meno ya reki, kwa kazi hiyo tu. Ukuta wa shimo huutandika hariri. Kifuniko hukijenga kwa udongo na hariri, tabaka juu ya tabaka, akaacha upande mmoja umeungana na ukuta uwe bawaba. Usiku hukifungua kidogo, akaweka miguu ya mbele kizingitini, akangoja. Mdudu akipita karibu, mtikisiko humfikia miguuni. Hapo hutoka, hukamata, hurudi, na mlango umeshafunga.

Jike huweza kukaa katika shimo moja maisha yake yote, akilipanua na kuongeza kifuniko kadiri anavyokua. Dume ni habari nyingine. Akishapevuka huhama, mara nyingi mvua zinaponyesha, akatangatanga kutafuta majike, na hufa msimu huohuo. Asiyekuwepo siku hizo chache hamwoni. Ndiyo maana wataalamu wa buibui hawa hulia na dume.

Kilio hicho kina sababu. Majina ya buibui huhesabiwa kuanzia kitabu cha Msweden Carl Clerck cha mwaka 1757, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Linnaeus kilichoanzisha majina ya wanyama wengine. Anayetaka kuongeza jina lazima achague kielelezo kimoja kiwe ndicho kibeba jina, kihifadhiwe makumbusho ndani ya chupa ya spiriti. Kisha huketi na hadubini na kuandika: macho manane yamepangwaje, miba ya miguu iko wapi, mifuko ambamo jike huweka mbegu za dume ina umbo gani. Zaidi ya yote hutazama viguso viwili vya dume vilivyo pembeni mwa mdomo, maana ncha zake ndizo hupitisha mbegu. Hapo ndipo majirani wanaofanana kama mapacha huachana. Jike bila dume mara nyingi ni nusu ya maelezo.

Katika historia hii yote hakuna anayevutia kama John Traherne Moggridge. Alikuwa Mwingereza mwenye kifua kibovu, aliyekuwa akihamia Menton, kwenye pwani ya Mediterania, kila majira ya baridi ili apate hewa ya kumfaa. Mgonjwa mwingine angekaa barazani. Yeye alikwenda kwenye kingo za udongo na kuta za mashamba na kisu mfukoni, akitafuta milango ambayo wenyeji walipita kando yake kila siku bila kuiona.

Safari moja alikuta mlango uliofunikwa kwa kuvumwani, yale majani laini yanayotanda kama zulia penye unyevu. Akakikata kipande chote cha udongo, unene wa inchi mbili hivi, pamoja na mlango uliokuwa juu yake, akaondoka nacho. Shimo likabaki mdomo wazi katikati ya udongo mtupu wa kahawia. Aliporudi baada ya siku sita, mlango mpya ulikuwa tayari. Buibui alikuwa amepanda hadi kwenye ukingo ambao haukuguswa, akachukua kuvumwani, akashuka nayo na kuipandikiza juu ya kifuniko, kama ilivyokuwa kwenye kile cha kwanza. Lakini sasa hapakuwa na kijani kingine pembeni. Pambo lililokusudiwa kuficha likawa ndilo linaloita jicho. Sijui jaribio jingine la karne ile, lililofanywa kwa kisu na subira tu, lililoonyesha wazi hivyo kwamba fundi hodari anaweza kujenga bila kuiona kazi yake ilivyokaa.

Moggridge aligundua pia kuwa milango ya nje inaweza kufanana huku nyumba zikitofautiana kabisa. Ukichimba polepole, moja ni shimo moja tu lenye kifuniko kinene kama kizibo. Nyingine ina kifuniko chembamba kama karatasi na, chini yake, mlango wa pili ambao buibui huusukuma akazuia njia adui anapoingia. Buibui aliowatoa humo aliwatuma Uingereza kwa Octavius Pickard-Cambridge, padri wa kijiji cha Bloxworth huko Dorset, ambaye alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa buibui wa zama zake. *Nemesia eleanora*, jina la mwaka 1873, lilipatikana kwa ushirikiano huo wa mchimbaji na mwandishi. Kitabu cha Moggridge kuhusu sisimizi wavunaji na buibui wa vifuniko kilitoka mwaka huohuo, nyongeza yake ikafuata 1874. Mwaka huo wa 1874 alifariki dunia palepale Menton, akiwa na umri wa miaka 32.

Australia ilimpata mtu wa aina hiyo kwa Barbara York Main, aliyezaliwa Kellerberrin mwaka 1929 katika ukanda wa mashamba ya ngano wa Australia Magharibi. Alitambulisha spishi nyingi mpya, lakini hakuridhika na buibui wa chupani. Mwaka 1974, katika hifadhi ndogo ya North Bungulla, alianza kuyawekea namba mashimo ya *Gaius villosus* na kuyarudia mwaka baada ya mwaka. Kwa kuwa jike hahami na shimo lililoachwa halichukuliwi na mwingine, namba ya shimo ni namba ya buibui. Namba 16 aliishi miaka 43. Mwaka 2016 kifuniko chake kilikutwa kimetobolewa, dalili ya nyigu anayetaga kwenye mwili wa buibui. Taarifa yake ilichapishwa 2018, na hakuna buibui mwingine aliyewahi kuthibitishwa kuishi miaka mingi hivyo.

Umri huo unabadilisha maana ya neno “spishi mpya”. Mwaka 2023 wataalamu wa Queensland walimtambulisha *Euoplos dignitas*, buibui mkubwa wa ukanda wa Brigalow, ambako misitu mingi imefyekwa kwa kilimo na mifugo. Ni mpya kwenye karatasi tu. Mnyama anayekawia kukua na ambaye hawezi kuhama trekta linapokuja anaweza kupewa jina wakati mashimo yake yamebaki kwenye vipande vichache vya ardhi.

Afrika Mashariki nayo ina buibui wa vifuniko, wakiwemo wa jenasi *Idiops*. Lakini vielelezo vingi vya kale vya buibui wa kwetu viko mbali. Msafara wa Msweden Yngve Sjöstedt uliozunguka Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906 ulirudi navyo Stockholm, na Albert Tullgren akachapisha kazi yake juu ya buibui hao 1910. Mwanafunzi wa Moshi anayetaka kulinganisha alichokichimba nyuma ya nyumba yao na kielelezo kinachobeba jina inambidi aombe ruhusa Ulaya. Inauma, kwa sababu anayejua mvua huanguka lini na dume hutoka lini ni huyo wa Moshi.

Jina moja lenye asili ya huku, hata hivyo, limefika kwenye orodha kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 2012 Mmarekani Jason Bond alitambulisha kwa mpigo spishi 33 mpya za jenasi *Aptostichus*. Kutunga majina 33 ni kazi, na baadhi Bond aliazima ya watu maarufu. Buibui mmoja kati ya hao 33, anayekaa kaskazini mwa California, ni *Aptostichus barackobamai*. Hivyo jina la ukoo wa Kogelo, Siaya, pamoja na lile la kwanza lenye shina moja na baraka yetu, limeingia kwenye udongo wa upande wa pili wa dunia.

Bond huyohuyo ndiye aliyengoja kuliko wengi. Mwaka 1997, kwenye matuta ya mchanga ya Moss Landing, ufukweni mwa ghuba ya Monterey huko California, alimpata jike asiyelingana na yeyote aliyemjua. Akatafuta dume, hakumpata. Miaka ikapita, akachapisha kuhusu makumi ya buibui wengine, na jike yule akabaki bila jina. Dume alipatikana 2019, miaka 22 baadaye. Ulinganisho wa umbo na wa chembe za urithi ulionyesha kwamba hakuwa spishi ngeni tu: alistahili jenasi yake peke yake. Ikaitwa *Cryptocteniza*, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kilichofichika. Jina la pili watu wa kawaida walialikwa kulipendekeza, na lililochaguliwa lilitoka katika Kimutsun, lugha ya wenyeji wa eneo hilo tangu kabla ya wamisionari wa Kihispania kufika.

Msemaji wa mwisho aliyeijua lugha hiyo kwa ufasaha, Bi Ascensión Solórsano, alifariki mwaka 1930. Katika siku zake za mwisho, akiwa mgonjwa, mwanaisimu John P. Harrington alikaa naye na kuandika maneno yaliyokuwa yakitoka kinywani mwake. Vizazi vya watu wake sasa vinajifunza lugha hiyo upya, kwa msaada wa kamusi iliyochapishwa 2016. Mwaka 2020, miaka 90 baada ya kifo chake, neno la Kimutsun lenye maana ya ufukwe wa bahari lilichapishwa kuwa jina la buibui wa matuta ya Moss Landing: *kawtak*.