Live Aid Ilianza na Kamera ya Msee wa Eastleigh

Wengi wa rika letu tunaijua Live Aid kupitia ile filamu ya Queen ya 2018, Bohemian Rhapsody. Uwanja umefurika, Rami Malek na masharubu yake, watu wote mikono juu. Mimi niliitazama kwa laptopu ya rafiki nikiwa bado chuo, kabla sijaacha masomo mwaka wa pili, na nikajua basi, hiyo ilikuwa konsati ya wazungu ya kitambo. Hakuna aliyeniambia kwamba ile siku ilianza na kamera ya jamaa aliyezaliwa Eastleigh.

Jamaa anaitwa Mohamed Amin. Wenzake walimwita Mo. Alizaliwa 1943, akaishi Dar es Salaam akiwa kijana, akashika kamera mapema, na kufikia 1963 alikuwa ameanzisha kampuni yake, Camerapix. Vita, mapinduzi, vifo vya viongozi: kama kulikuwa na moto Afrika, Mo alikuwa karibu nao.

Oktoba 1984 alienda Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mwanahabari wa BBC, Michael Buerk. Huko juu milimani kuna baridi kali. Maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika wakingoja chakula, na kila asubuhi kulikuwa na maiti za kufungwa shuka. Buerk alisoma maneno. Picha zilikuwa za Mo. BBC ikarusha ripoti tarehe 23 Oktoba, na vituo zaidi ya 400 duniani vikaionyesha. Wasee, hiyo ni kabla ya intaneti. Hakukuwa na kushea.

Bob Geldof, mwanamuziki wa Ireland, aliiona akiwa nyumbani London. Ndani ya wiki chache yeye na Midge Ure walikuwa wametoa wimbo wa Band Aid. Januari 1985 Wamarekani nao wakaingia studio kurekodi We Are the World. Hapa kuna kichekesho: Stevie Wonder alitaka waweke maneno ya Kiswahili, na ikabidi waambiwe kwamba Waethiopia hawaongei Kiswahili. Moyo ulikuwa mzuri, ramani ndiyo ilikosekana.

Halafu ikafika tarehe 13 Julai 1985. Watu kama 72,000 Wembley, wengine zaidi ya hao Philadelphia, setilaiti zikiunganisha viwanja viwili kwa karibu saa 16. Phil Collins alipiga London, akapanda Concorde, akapiga tena Marekani siku hiyo hiyo. Waandalizi walikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja walitazama.

Kabla ya saa moja jioni, Queen wakapanda jukwaani kwa kama dakika 20. Ndizo dakika ambazo watu wanaongelea mpaka leo. Na yule aliyeshika maikrofoni, Freddie Mercury, jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, na alizaliwa Zanzibar 1946. Familia yake iliondoka 1964 baada ya Mapinduzi.

Kwa hivyo picha ilipigwa na mtu wa Nairobi, na shoo ikabebwa na mtu aliyezaliwa Unguja. Lakini ukiangalia orodha ya wasanii wa siku hiyo, hakuna bendi hata moja kutoka Ethiopia wala kwa majirani zake. Sade, aliyezaliwa Nigeria, ndiye aliyekuwa karibu nasi zaidi. Sisi wengine tulikuwa kwenye skrini, kati ya nyimbo, tukiwa na njaa.

David Bowie alikubali kukata wimbo wake mmoja ili klipu ya watoto wa Ethiopia ionyeshwe. Mmoja wao alikuwa msichana anaitwa Birhan Woldu, ambaye muuguzi alikuwa ameshasema hatapona. Alipona. Mwaka 2005, kwenye konsati ya Live 8 pale Hyde Park, alisimama jukwaani akiwa mwanamke mzima aliyesomea kilimo, Madonna amemshika mkono. Siku hiyo hiyo wasanii wengi wa Afrika, akiwemo Ayub Ogada wetu, walikuwa wamewekwa kwenye konsati ya pembeni kule Cornwall. Miaka 20 na bado tulitengewa meza yetu.

Sasa kuna kitu ambacho klipu ile haikuonyesha: vita. Ukame ulikuwepo kweli, lakini serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na waasi Tigray na Eritrea, na chakula kilifanywa silaha. Watu kama 600,000 walihamishwa kupelekwa kusini, wengi wao kwa nguvu. Shirika la Médecins Sans Frontières lilipolalamika, likafukuzwa nchini kabla 1985 haijaisha. Mtazamaji wa Wembley alilala akijua shida ni mvua. Na wimbo ulikuwa ukiuliza kama watu hao wanajua ni Krismasi, ilhali Ethiopia ina Ukristo tangu karne ya 4 na Krismasi yao ni 7 Januari.

Sisemi wangekaa nyumbani. Chakula kilifika na kuna watu wako hai kwa sababu hiyo. Naongea kuhusu fremu, kwa sababu nami nimewahi kuikata vibaya.

Mwaka jana mtoto wa jirani kwenye ploti yetu alihitaji upasuaji. Nilimrekodi kitandani akilia, nikaweka piano ya huzuni chini yake, nikabandika nambari ya M-Pesa ya mama yake. Siku tatu pesa zikatosha. Mtoto akatibiwa, akarudi shule. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi mpaka leo, na manze, nilijivunia.

Miezi miwili baadaye mama yake akanipata kwa ngazi. Akasema, "Kijana yangu, ulitusaidia, Mungu akubariki. Lakini hiyo video toa. Shuleni wanamwita Omba-Omba." Nikaitoa usiku huo, lakini watu walikuwa wameshaipakua. Na kuna kitu nilikijua wakati narekodi na sikukiweka: mwajiri wa huyo mama alikuwa akimkata pesa za bima kila mwezi bila kuzipeleka. Hiyo ndiyo sababu mtoto alihitaji mchango. Niliiacha nje kwa sababu ingepoteza machozi. Mtoto akabaki na aibu, mwajiri akabaki na amani.

Mwaka 2014 msanii wa Ghana na Uingereza, Fuse ODG, alikataa kuingia kwenye toleo jipya la Band Aid kwa sababu ya jinsi linavyoichora Afrika. 2024 Ed Sheeran akasema kwamba angeulizwa, naye hangekubali sauti yake itumike tena. Imechukua miaka 40 watu kuuliza swali ambalo mama mmoja aliniuliza kwa ngazi.

Mo alipoteza mkono wake 1991 bohari la silaha lilipolipuka Addis Ababa. Akarudi kazini na mkono bandia. Novemba 1996 akafariki kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka karibu na Comoro. Namheshimu sana, kwa sababu yeye alienda pale ambapo wengine hawakutaka kuangalia.

Siku hizi kabla sijawasha simu kwa mtu mwenye shida, namuuliza mambo mawili: ungetaka uonekane vipi, na ni nani amekufikisha hapa? Video zangu za hivyo hazitazamwi sana. Wiki iliyopita yule mtoto alinipungia mkono akienda shule, nikampungia pia. Simu ilikuwa mfukoni.