Njia ya Tourmalet

Katika milima ya Pyrenees, itenganishayo Ufaransa na Hispania, njia ya Tourmalet hupanda hata mita 2,115 juu ya usawa wa bahari, na zamani aghalabu ilipitwa na wachungaji, na wasafiri waliokwenda kutafuta shifaa katika chemchemi za maji moto. Mwaka 1910 Alphonse Steinès, mmoja wa waandalizi wa mashindano ya baiskeli ya Tour de France, alikwenda kuikagua. Theluji ilipolizuia gari lake aliendelea kwa miguu usiku, akafika ng'ambo hali yu taabani kwa baridi, na juu ya mashaka hayo yote akapeleka simu kwamba njia yapitika vyema.

Basi tarehe 21 Julai waendesha baiskeli walitoka Luchon kwenda Bayonne, mwendo wa kilomita 326, wakipanda Peyresourde, Aspin, Tourmalet na Aubisque kwa barabara za mawe na vumbi, juu ya baiskeli nzito za chuma. Octave Lapize, aliyetangulia kufika kileleni Tourmalet, alilazimika kushuka na kuisukuma baiskeli yake, ilhali Gustave Garrigou aliupanda mlima huo pasipo kutia mguu chini. Lakini ushindi wa siku ile, na hatimaye wa mashindano yote, ulikuwa wa Lapize.

Kwa hiyo ni dhahiri kwamba kushuka na kutembea hakumpunguzii msafiri wa milimani heshima yake, maana sifa yake ni subira na azma ya kufika.