Bendera, Hati na Cheti

Katika mambo ambayo historia ya pwani yetu hutufunza, moja ni hili: bendera na hati si kitu kimoja. Bendera yaonekana mbali, na yeyote mwenye kamba aweza kuipandisha. Bali hati ndiyo iwezayo kujibu maswali. Zamani tofauti hiyo ilikuwa tofauti ya uhuru na utumwa.

Itazame, msomaji, ramani ya Kwale. Majoreni iko baina ya Shimoni na Vanga, na kusini-mashariki yake, kama kilomita 50 hivi, kiko kisiwa cha Pemba. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alikubali mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mashamba ya karafuu ya Pemba yalitaka mikono ya kazi, na majahazi yakaendelea kuvusha watu kwa siri. Manowari za Uingereza ziliweza kupekua majahazi ya raia wa Sultani. Jahazi lenye bendera ya Ufaransa halikupekuliwa, kwa kuwa Ufaransa haikuwapa Waingereza ruhusa hiyo. Ofisa aliweza kusogea na kuuliza hati tu. Basi wenye hila wakaipenda bendera hiyo.

Tarehe 3 Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari London aliliendea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa, ili akague hati zake. Alipokaribia, watu wa jahazi walimfyatulia risasi yeye na mabaharia wake wachache, naye akauawa. Ndani ya jahazi walikuwamo watumwa wapatao 100.

Mataifa yakaona kwamba bendera peke yake haitoshi. Katika mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890, yalikubali kwamba mwenye chombo sharti awe raia wa dola ile au awe chini ya ulinzi wake, awe na mali au mdhamini, na awe na sifa njema. Jina la chombo lichorwe katika tezi, na namba yake iandikwe juu ya tanga. Ruhusa ifanywe upya kila mwaka, na iweze kuondolewa.

Hata hivyo ugomvi haukuisha, kwa sababu Ufaransa ilikuwa imewapa hati manahodha wa Sur, katika Omani. Shauri lilifika mbele ya waamuzi wa The Hague, nao wakatoa hukumu tarehe 8 Agosti 1905. Waliamua kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa raia wa Sultani wa Maskati bendera yake, ila wale waliothibitisha kwamba walikuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863. Tena, ruhusa ya jahazi moja haikuweza kuhamishiwa jahazi jingine, hata kama mwenyewe ni mmoja.

Pengine utauliza, mambo haya yanamhusu nini mtu wa leo? Tuseme karani wa Majoreni anapeleka mafaili kwenye seva ya mbali kwa njia ya siri. Kabla ya kupokea chochote, seva huonyesha cheti, ambacho kanuni zake zilitungwa mwaka 1988. Kompyuta ikisema kwamba cheti hakiaminiki, karani asikasirike, bali aulize kama alivyouliza ofisa wa bahari. Je, jina lililo katika cheti ndilo jina la seva aliyoiita? Cheti cha seva moja hakifai kwa nyingine, kama vile hati ya jahazi moja. Je, muda wake umekwisha? Hapo atazame na saa ya kompyuta yake mwenyewe, maana saa iliyopotea hukikataa hata cheti kizuri. Je, ni nani aliyekitoa, na kompyuta yamjua? Mara nyingine mtoaji ni mwaminifu, lakini seva haikuleta cheti cha kati kinachoiunganisha na mtoaji huyo. Hapo dawa iko kwa msimamizi wa seva. Na ikiwa seva imejiandikia cheti yenyewe, karani ampigie simu msimamizi anayemjua, wasomeane tarakimu za utambulisho wa cheti hicho, moja baada ya moja. Mwisho aulize: je, kimefutwa?

Iko njia fupi kuliko zote, nayo ni kubonyeza kitufe cha kuendelea bila kuuliza. Njia hiyo huondoa usumbufu, lakini haiondoi hatari. Humpa mgeni asiyejulikana siri za watu ambao hawakuulizwa. Wewe uliyekabidhiwa mambo ya wengine, kumbuka wale watu 100 waliofichwa chini ya bendera. Uvivu wa mkaguzi haumwumizi mkaguzi peke yake. Huwafika kwanza wale wasioweza kusema.