Linux kwa Asiyejua Kitu

Hadithi yangu ya kwanza ndefu, kurasa arobaini na kitu, iliokolewa na CD ya bure.

Mwaka 2009 nilikuwa naiandika kwenye kompyuta ya duka moja la mtaani na kuitunza kwenye flashi. Siku moja nafungua, nakuta kila folda imegeuka njia ya mkato isiyokwenda popote. Virusi. Fundi akanitazama kwa huruma: "Hii ya kufomati tu, bwana mdogo." Sikukubali. Nyumbani kaka alikuwa na CD ya Ubuntu, imekuja kwa sanduku la posta la mjomba ndani ya bahasha ya karatasi, na hakulipa hata senti. Akawasha kompyuta kwa CD ile bila kuigusa Windows iliyokuwamo, akachomeka flashi. Folda zangu hizo hapo! Kumbe virusi vilizificha tu, kwa alama ambayo Windows huiheshimu na Linux haina habari nayo.

Tangu hapo wenzangu wanaoandika hawaishi kuniuliza: mimi sijui kitu, nianze na ipi? Maana Linux si moja, zipo mamia. Jibu ninalo, lakini limetoka mbali.

Lilianzia Helsinki mwaka 1991. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21, alikuwa kanunua kompyuta ya 386 kwa kulipa kidogo kidogo. Tarehe 25 Agosti akawatangazia watumiaji wa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, tena akasisitiza ni burudani yake tu. Kule Marekani, Richard Stallman alikuwa ameanzisha mradi wa GNU tangu 1983, na karibu vyombo vyote alikuwa navyo isipokuwa kiini kilichokamilika. Kijana wa Helsinki akaleta kiini. Mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ya GNU: nakili, badili, gawa, mradi na wewe usimnyime mwingine ruhusa hiyo hiyo.

Bure ilipatikana basi. Urahisi haukuwepo. Slackware ya mwaka 1993 ilikuja kwa rundo la diski laini, na ukimaliza kuziingiza unabaki na kioo cheusi kinachokusubiri uandike amri. Ukitaka madirisha na kipanya, ilibidi uujue mwendo wa mawimbi ya skrini yako mwenyewe, na maelekezo yalikuonya kwamba ukikosea namba unaweza kuiharibu skrini. Hebu fikiria! Waliandika kwa ajili ya mtu aliyekwisha kujua, kama baadhi ya wahakiki wetu wa mashairi. Debian nayo ilianzishwa mwaka huo huo na Ian Murdock, imara kweli kweli, lakini mgeni alikuwa anabisha hodi hana wa kumfungulia.

Mtu wa kwanza ninayemshukuru ni Mjerumani Klaus Knopper. Knoppix yake, iliyotoka mwaka 2000, iliendesha kompyuta nzima kutoka kwenye CD bila kufunga chochote ndani. Ukichoka, unaitoa CD na mashine inabaki ilivyokuwa. Ndiyo mbinu iliyoniokolea hadithi.

Halafu 2004 akaja Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyeuza kampuni yake mwaka 1999 kwa mamilioni ya dola na mwaka 2002 akaenda zake angani kutembea. Akaichukua Debian, akaipunguza ikaenea CD moja, programu moja kwa kila kazi. Kitu kidogo, si ndiyo? Lakini mgeni haulizwi tena maswali ishirini mlangoni. Akaiita Ubuntu, neno la lugha za Kinguni lenye mzizi ule ule wa mtu na utu wetu, na CD za posta zikaendelea kugawiwa bure hadi 2011. Mwaka ule ule wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Sisi waandishi tulipaswa kuipigia vigelegele. Wengi hatukusikia hata fununu.

Mimi siku hizi namwelekeza mgeni kwa Linux Mint, ya Mfaransa Clement Lefebvre, iliyoanza 2006 juu ya Ubuntu. Mwaka 2011 Ubuntu ilibadili sura, watu wakapotea ndani ya kompyuta zao wenyewe. Mint ikakataa. Menyu ikabaki pale chini kushoto, mkono ulipozoea kwenda. Mkono wa mwandishi una mazoea yake, bwana, usiusumbue.

Na sasa swali limekuwa la haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 ambayo kompyuta nyingi nzima kabisa hazina. Mint inatosheka na kumbukumbu ya GB 2, ingawa 4 ni afadhali, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Kama mashine ni mzee sana, chukua ile ya Xfce. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, uone kama sauti, mtandao na printa vinaitika, na kazi zako uwe umezinakili mahali pawili kabla hujafuta kitu. Sikufichi: mhariri akikutumia faili la Word lenye mapambo mengi, LibreOffice italifungua lakini mistari inaweza kuhama. Photoshop nayo usiitegemee.

CD ya kaka ninayo hadi leo, ingawa kompyuta yangu ya sasa haina hata tundu la kuitilia. Ile hadithi nayo ninayo. Niliisoma tena majuzi, nikaishia ukurasa wa kumi.