Kurejesha Kampuni Sajilini

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilinunua ekari 5,000 za Ranchi ya Malili, Makueni, ili ijenge mji wa teknolojia wa Konza. Muuzaji alikuwa kampuni ya wanahisa. Umiliki wa namna hiyo si mgeni Ukambani: watu huchanga, husajili kampuni, hununua shamba, na hati ya ardhi huandikwa jina la kampuni, si la mchangaji. Kwa hiyo istilahi ninayoieleza hapa, ingawa hutajwa zaidi na mawakili, inagusa moja kwa moja mashamba ya watu.

Istilahi yenyewe ni kurejesha kampuni sajilini. Tanzania husema kuirejesha kwenye daftari la kampuni, na sioni ubaya wa kutumia lolote kati ya hayo mawili. Ubaya uko kwenye kitenzi ambacho wengi hukitumia badala ya kurejesha, nami nitakifikia.

Kwanza tujue kampuni hutokaje sajilini. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, Msajili akiona dalili kwamba kampuni haifanyi kazi tena, huiandikia kuiuliza. Dalili moja ni kutoleta taarifa za kila mwaka. Asipojibiwa, hutangaza katika Gazeti Rasmi la Kenya kwamba baada ya miezi 3 jina litafutwa na kampuni itavunjwa, isipokuwa mtu ajitokeze na sababu ya kuzuia. Ni wangapi Mutomo au Kibwezi hulisoma gazeti hilo? Wakurugenzi wamezeeka, wengine wamefariki, sanduku la posta halifunguliwi. Kampuni inafutwa na wanahisa wanaendelea kulima kama jana.

Kufutwa huku kusichanganywe na kufungwa, wala na kufilisiwa. Kampuni iliyofunga duka bado ipo kisheria. Iliyo katika ufilisi ina mfilisi anayekusanya mali na kuwalipa wanaoidai. Iliyofutwa na kuvunjwa haipo, na mali iliyobaki kwa jina lake huwa mali isiyo na mwenyewe, ambayo kwa sheria huangukia Serikali. Shamba likiwamo. Mtu aliyelipia hisa zake miaka 40 iliyopita anajikuta amesimama juu ya ardhi ambayo mwenyewe wake wa kisheria ametoweka.

Sasa kitenzi. Wengi husema kampuni imekufa, kwa hiyo dawa yake huitwa kufufua. Neno hilo linafaa kwa kilimo cha pamba cha Kitui na Makueni: pamba ilidorora, ikafanyiwa juhudi ya kuinuliwa, na hakuna anayekana miaka ile ya kudorora. Kwa kampuni halifai hata kidogo. Sheria inasema kampuni iliyorejeshwa huhesabiwa kuwa imeendelea kuwapo kana kwamba haikufutwa wala kuvunjwa. Haisemi kwamba ilikufa ikaamka. Inakifuta kifo chenyewe. Kila siku ya katikati, kuanzia kufutwa hadi kurejeshwa, inahesabiwa kuwa siku ya uhai wa kampuni, pamoja na haki zake, madeni yake, na taarifa zote ambazo hazikuletwa.

Kenya ina milango miwili ya kurejea. Kampuni iliyokuwa bado inafanya kazi ilipofutwa yaweza kuombewa kwa Msajili na aliyekuwa mkurugenzi au mwanahisa wake. Mlango wa pili ni Mahakama Kuu, ambako hata anayeidai kampuni anaweza kubisha hodi. Kwa kawaida muda ni miaka 6 tangu kuvunjwa, na kwa kampuni za ardhi, ambazo hukumbukwa siku ya kugawa hati, miaka hiyo huisha upesi mno. Jimbo la Ontario, Kanada, lina njia nyingine: bunge la jimbo hupitisha sheria mahususi kwa ajili ya kampuni moja iliyovunjwa. Kichwa cha sheria za namna hiyo kwa Kiingereza hutaja kuhuisha, lakini kifungu chenyewe huirudishia kampuni mali, haki na wajibu wake kana kwamba haikuvunjwa. Mfasiri anayetazama matokeo ataandika kurejesha huko pia.

Mbali na kurejesha na kufufua, kuna jambo la tatu linalofanana nayo bila kuwa mojawapo: kutoa hati mpya. Hati hapa ni waraka wa mamlaka ya dola unaokiumba chombo, kama ile iliyotolewa na Malkia Victoria mwaka 1888 kwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyojenga kituo Machakos na kusalimisha mamlaka yake mwaka 1895. Siku hizi hati kama hizo tunaziona katika miji. Baraza la Manispaa ya Kitui lilikoma pamoja na Sheria ya Serikali za Mitaa, ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Baadaye Kitui na Wote zilipata hati za manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Manispaa ya Kitui ya leo ina jina la zamani, lakini ni chombo kipya chenye bodi yake, chini ya serikali ya kaunti. Siku za katikati hazikuzibwa. Huko tuseme imeanzishwa upya, au imepewa hati.

Tofauti hii ina gharama. Wazee wa kampuni ya ardhi wakiambiwa waifufue, wanaweza kuelewa kwamba wasajili nyingine yenye jina linalokaribiana na lile la kwanza, wachague wakurugenzi, wachonge muhuri. Watapata cheti halali cha kampuni halali. Lakini kampuni hiyo mpya haimiliki hata nusu ekari ya shamba la ile ya kwanza, na wakati wanaendelea kuilipia ada, miaka 6 ya kuirejesha ile yenye shamba inazidi kwisha.