Wageni wa Bagamoyo Waliotoka Ziwani

Nyashimo, makao makuu ya wilaya ya Busega katika mkoa wa Simiyu, ni mji uliokaa kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, na maji ya Ghuba ya Speke hayako mbali nao. Wilaya yenyewe ni changa. Ilizaliwa mwaka 2012 pamoja na mkoa wake, na kabla ya hapo sehemu hizo zilikuwa chini ya Magu. Ukienda mbele kidogo, ukaipita Lamadi, unafika lango la Ndabaka, ambako Hifadhi ya Serengeti inalikaribia ziwa. Kuna dagaa walioanikwa juani, kuna sato, kuna michembe ya viazi vitamu kwa siku za uhaba, na kuna maji mapana yenye mawimbi na mitumbwi. Mtu wa visiwani akifika huko hataona ugeni mkubwa, ila atakapoonja maji na kukuta hayana chumvi.

Mshangao wa namna hiyo uliwahi kwenda upande wa pili. Katika karne ya 19 watu wa kanda hiyo ya ziwa waliteremka kwa miguu hadi Bagamoyo, wakayaonja maji ya bahari, wakakaa mjini wiki au miezi, kisha wakarudi kwao kusimulia. Historia ya Bagamoyo inapoandikwa, aghalabu huanza na wageni waliokuja kwa chombo. Huanza na Burton na Speke, waliovuka kutoka Unguja na kuanza safari yao ya bara mwaka 1857. Na mapadri wa Roho Mtakatifu, waliojenga misheni yao mwaka 1868. Na Stanley, aliyeondoka hapo Novemba 1874. Maiti ya Livingstone nayo, ambayo Susi na Chuma waliifikisha Februari ya mwaka huohuo, hukumbukwa kuliko mabega yaliyoichukua. Ilhali wageni waliokuwa wengi kupita hao wote, na walioufanya mji huo uwe mji, waliingia kwa mlango wa nyuma, upande wa bara.

Pwani iliwaita wote Wanyamwezi. Mtu akitoka Tabora alikuwa Mnyamwezi, na Msukuma wa ukingoni mwa ziwa naye alikuwa Mnyamwezi, ingawa jina la Usukuma lenyewe lamaanisha upande wa kaskazini na wenyewe walijua vema nani ni nani. Wengi wao walikuwa wapagazi huru. Walipatana ujira, walichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kidogo, juu ya nguo na chungu chao wenyewe, na wengine walibeba pembe zilizokuwa mali yao au ya mtemi wao. Waliondoka baada ya mavuno na walitaka kuwahi kurudi kabla ya mvua ya kupandia. Kwa hiyo mwaka wa biashara wa Bagamoyo, uliodhaniwa kufuata pepo za kusi na kaskazi peke yake, ulifuata pia jembe la Msukuma.

Urefu wa njia hiyo waweza kupimwa kwa safari ya Stanley, aliyekuwa na haraka kuliko wengi. Alitumia siku 103 kutoka Bagamoyo hadi Kageyi, kijiji cha wavuvi kilichoko magharibi ya Nyashimo kwenye ukingo huohuo wa ziwa, akafika tarehe 27 Februari 1875. Siku chache baadaye alishusha mashua yake majini, akaifuata ghuba kuelekea mashariki hadi mdomo wa mto Simiyu. Ghuba yenyewe aliipa jina la Speke, kana kwamba haikuwa na wenyewe. Wapagazi waliopita njia hiyo mara tano au sita katika umri wao hawakukipa kitu jina la mtu. Walifuata kirangozi wao aliyevaa manyoya kichwani, waliamka alfajiri, walitua kabla jua halijawa kali, na mzigo usiogawanyika waliuning'iniza kwenye mti wakauchukua wawili wawili.

Basi mtu huyo alipofika Bagamoyo aliona nini? Maji mengi hayakumtisha, maana alizaliwa kando ya maji. Jambo geni lilikuwa bahari kuondoka asubuhi na kurudi jioni, kwani ziwa halipwi wala halijai. Aliona minazi, akala wali uliotiwa tui, akala samaki asiye na ladha ya samaki wa kwao. Aliona maduka ya Wahindi yenye merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, na mawakala waliokuwa wakigombania kumkaribisha, kwa sababu aliyempata mgeni alizipata na pembe zake. Mmoja wa watu wakubwa wa kazi hiyo alikuwa Sewa Haji, aliyekodisha wapagazi kwa maelfu na ambaye mali yake ilijenga pia hospitali. Usiku kambi za wapagazi zilicheza ngoma zao, na wenyeji walicheza zao. Ni vigumu kuamini kwamba watu waliokuwa wakisikilizana kila mwaka hawakuibiana miguu na mapigo.

Leo mgeni akitembezwa Bagamoyo huelezwa kwamba jina la mji ni kilio cha mtumwa aliyeuacha moyo wake pwani kabla ya kuvushwa. Wako wanaolisoma vingine: bwaga moyo, pumzika, mzigo umeshuka, neno la mpagazi aliyemaliza njia. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia kwa jina la njia kuu ya utumwa na pembe. Si uongo. Mateka walipita pale kweli, na hakuna sababu ya kuwapunguza. Lakini masimulizi yanayomfunga mnyororo kila mtu mweusi aliyetembea njia ile yanamnyang'anya Msukuma jambo lake la fahari, kwamba alikuja kwa hiari, alipatana bei, na alipodhulumiwa alitua mzigo akaondoka.

Pwani nayo ina hesabu yake ya kutoa. Ilimlisha mgeni huyo, ikamwuzia, ikamwita mshenzi. Neno hilo limejaa katika kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903, nacho ni hazina isiyo na mfano ya maisha ya mwambao. Mtoro alifundisha Kiswahili Berlin. Wanafunzi wa Kijerumani walikataa kumheshimu kwa ajili ya rangi yake, na alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe Mjerumani, watawala wa koloni waliwazuia kushuka. Alifariki Berlin mwaka 1927. Dharau ile aliyoiandika kwa wino mzuri aliikuta ikimngoja forodhani.

Watu wa pwani walikwenda ziwani pia. Stanley alimkuta Kageyi mfanyabiashara aitwaye Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi katika maji hayo matamu, naye aliuawa Ukerewe Desemba 1877 pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza. Wenziwe walipanda miembe kandokando ya njia, na Tabora walilima mpunga ili wasikose wali wao.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za ziwa zilianza kuelekea Mombasa. Reli ya kati ilianzia Dar es Salaam, ambako Wajerumani walikuwa wamehamishia makao yao mwaka 1891. Ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928. Hakuna aliyelazimika tena kupita Bagamoyo. Wasukuma na Wanyamwezi waliendelea kuteremka, sasa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Pangani, na wengine walivuka hadi Unguja kupalilia na kuchuma karafuu. Mpunga nao ulibaki bara. Wasukuma waliupokea, wakauchimbia majaruba yao katika mbuga za udongo mweusi, na msimu ukiwa mwema magunia ya mchele wa kanda ya ziwa hupakiwa malori yakateremka pwani, ukapikwe kwa nazi.