Mjerumani Aliyekodi Anga ya Shaba

Manono inajulikana kwa bati, na siku hizi kwa lithiamu. Hata huku Juru, Uganda, ambako Wakongomani ni wengi, ni nadra kuisikia ikitajwa kwa habari ya roketi. Lakini ni upande huo wa Katanga, jimbo la Kongo lililoitwa Shaba wakati huo, juu ya bonde la mto Luvua, ambako kampuni ya binafsi iliyokusudia kupeleka satelaiti angani ilijaribu bahati yake mwaka 1977, robo karne kabla SpaceX haijaanzishwa. Kiongozi wake alikuwa Lutz Kayser, mhandisi wa Stuttgart aliyezaliwa 1939. Wengi husimulia kwamba mataifa makubwa ndiyo yaliyomwangusha. Mimi naona kilichomponza kilikuwa karibu zaidi: ardhi aliipata kirahisi mno.

Urahisi ndio uliokuwa fani yake. Kampuni yake, OTRAG, aliianzisha 1975 kwa fedha za mamia ya wawekezaji wa Ulaya. Badala ya kuunda roketi moja kubwa ya thamani, alifunga pamoja mabomba membamba yaliyofanana, kila moja na injini yake, mithili ya mzigo wa miwa. Ukitaka nguvu zaidi, unaongeza mabomba. Yalichoma mafuta ya taa kwa asidi ya naitriki. Valvu za kupitisha vimiminika hivyo zilifunguliwa na mota ndogo za waipa za gari, zile zile ambazo fundi wa gereji pale Mbarara huzifungua bila hata kuzitazama. Uhandisi wa namna hiyo ni rahisi kuudharau. Ila Kurt Debus, aliyeongoza kituo cha Kennedy wakati Apollo 11 inaruka, alikubali kuwa mwenyekiti wa bodi.

Mwaka 1976 Mobutu, rais wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, aliikodisha kampuni hiyo takriban kilomita za mraba 100,000 hadi mwaka 2000. Hiyo ni karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Magazeti yalipoupata mkataba yaliandika kwamba kampuni ingeweza kudai wakazi waondolewe, na kwamba watumishi wake walikingwa na sheria za Zaire. Wenye mashamba na nyavu kando ya Luvua hawakuwa na sahihi yao pale.

Wapo watakaosema roketi yenyewe ilikuwa mbovu: Juni 1978 ilianguka Mobutu mwenyewe akitazama. Ni kweli ilianguka, lakini ile ya Mei 1977 iliruka, na Falcon 1 ya SpaceX nayo ilifeli mara tatu kabla ya kufanikiwa Septemba 2008. Hoja nzito zaidi ni ya siasa. Moscow ililalamika kwamba Wajerumani wanajaribu makombora Afrika, na historia ya Debus, aliyewahi kushughulikia makombora ya V-2 ya Hitler, haikusaidia. Ufaransa nayo ilikuwa na roketi yake ya Ariane ya kulinda. Shinikizo hilo lilikuwepo, sina ubishi. Ninachouliza ni kwa nini lilitosha kumwelekea mtu mmoja tu. Mwaka 1979 Mobutu aliagiza majaribio yakome, yakakoma. Mkataba haukuwa na mwenye kuutetea nchini, kwa kuwa hapakuwa na aliyeshirikishwa kuufunga.

Tazama pwani ya Kenya. Mwitaliano Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga, naye aliitaka ikweta kwa sababu dunia hapo huisukuma roketi inayoelekea mashariki. Alisimamisha majukwaa yake baharini karibu na Malindi, kwa makubaliano ya serikali kwa serikali, na kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa zilirushwa pale, mojawapo ikiitwa Uhuru kwa kuwa ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha uhuru wake. Mtu atanikumbusha kwamba roketi za Broglio zilikuwa Scout za Wamarekani, na kwamba mvuvi wa Malindi hakupata mengi. Sawa kabisa. Hata hivyo hapakuwa na kijiji kilichokodishwa pamoja na watu wake, na Kenyatta alipofariki mwaka 1978 kituo hakikufa naye.

Kayser alihamisha mabomba yake. Machi 1981 roketi ya OTRAG iliruka tena, safari hii kutoka jangwa la Libya, kwa idhini ya Gaddafi.